Ibada na Ukoo: Maoni juu ya Mafundisho ya Bruno Gutmann

Mwalimu au mchungaji afanyaye kazi katika nchi hii ya mlima hana budi kulijua jina la Bruno Gutmann, hata kama hajapata kufungua kitabu chake kimoja. Alizaliwa Dresden mwaka 1876, akatumwa na Misioni ya Leipzig, akafika Uchagani mwaka 1902. Kabla ya kuwekwa Moshi ya Zamani alikaa huku kwetu Machame na Masama. Kisha toka mwaka 1910 kazi yake ilikuwa Kidia, hata mwaka 1938 alipouaga mlima, isipokuwa ile miaka ya baada ya vita ya kwanza ya dunia ambayo wamisionari Wajerumani walizuiliwa kurudi. Alifariki mwaka 1966. Aliandika mengi, nayo karibu yote kwa Kijerumani. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya mawazo na masimulizi ya Wachaga. Mwaka 1926 kile kikubwa juu ya sheria zao, *Das Recht der Dschagga*. Na kati ya mwaka 1932 na 1938 vitabu vitatu vya mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana, yale yaliyofundishwa kwa fimbo yenye alama, iitwayo mregho.

Lakini kitabu ninachotaka kukipima hapa ni kile cha mwaka 1925, *Gemeindeaufbau aus dem Evangelium*, yaani kuujenga usharika kwa Injili. Nakichagua kwa kuwa hicho chatuuliza swali ambalo vitabu vyake vya mila havilitamki waziwazi: ibada ya Mkristo yaonekana wapi siku ya Jumatatu?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. *Ibada* limetoka katika Kiarabu, nalo lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumwa au mtumishi. Basi afanyaye ibada ni yule aliye mali ya bwana wake asubuhi na jioni, shambani na nyumbani. Maana mtumwa hana saa ya utumwa na saa ya uungwana. Kijerumani nacho chasema *Gottesdienst*, yaani utumishi wa Mungu. Lakini katika vinywa vyetu neno hili limenywea. Twasema ibada ya kwanza na ibada ya pili kama tusemavyo gari la asubuhi na gari la mchana. Twaulizana ibada imekwisha saa ngapi, na kama ilikuwa ndefu. Ikiwa ibada yaweza kwisha saa nne, saa tano mtu ni mtumishi wa nani?

Nabii Amosi na nabii Isaya waligombana na watu wao kwa jambo hili hili, na wala hawakuwalaumu kwa kukosa kuhudhuria. Watu wale walihudhuria sana. Naye Paulo, alipowaandikia Warumi katika mlango wa 12, alinena kwamba sadaka itakiwayo ni mwili wenyewe, nao ni hai. Hakusema moyo tu. Mwili ndio ulimao, ndio ushikao mkono wa mgonjwa au upitao kando. Mwili ndio uingiao katika kiwanja cha jirani usiku.

Hapo ndipo Gutmann anapoingia. Fundisho lake, kwa maneno yangu, ni hili. Mtu hakuumbwa peke yake kisha akatafuta wenziwe. Ameumbwa akiwa kiungo. Yako mafungamano matatu ambayo mtu hakuyachagua bali ameyakuta: ukoo, ambao ni damu, ujirani, ambao ni ardhi, na rika, ambalo ni umri. Kwake Gutmann haya si desturi za Wachaga tu, bali ni kazi ya Muumba, na Injili ikija haiji kuyavunja, bali kuyatakasa na kuyatumia. Aliuogopa ustaarabu wa Ulaya uliomtoa mtu katika mafungamano hayo na kumwacha kama punje ya mchanga katikati ya punje nyingine. Tena alihofu kwamba misioni yenyewe, ikishughulika na roho ya mtu mmoja mmoja tu, yaweza kuwa mkono wa uharibifu ule bila kujua. Usharika basi usijengwe kando ya mafungamano haya kama nyumba ya kupanga, bali uote ndani yake.

Wala hakuishia katika kuandika. Kidia, ibada ilipokwisha kanisani, watu hawakutawanyika mara moja. Walikusanyika nje uwanjani penye majani, wakashauriana juu ya mambo yao na shida za majirani zao. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili au wachache pamoja, kwa mfano wa vijana wa zamani waliofungamana kama watu wa ngao moja, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe. Mimi naona uwanja ule wa majani ni uvumbuzi mkubwa kuliko kurasa nyingi za kitabu chake. Mlango wa kanisa ulikuwa hauitengi ibada na maisha, bali uliiruhusu ibada itoke nje na kukaa chini pamoja na watu.

Kwamba Gutmann aliona kweli, mfano mmoja watosha, nao kila Mmachame anaujua: mfongo. Maji hukamatwa juu katika mito kama Weruweru na Kikafu, huongozwa kwa mfereji uliochimbwa na mababu kuvuka makorongo na kuzunguka vilima, hata yafike migombani. Hakuna mtu mmoja awezaye kuutunza mfongo peke yake. Una zamu, una mzee wake, una siku za kuzibua ambazo kila nyumba hutoa mtu. Sasa mtu aweza kuimba sauti ya nne vizuri kabisa Jumapili, na usiku wa Jumatatu akatoka na jembe kuyageuza maji ya zamu ya jirani yake. Jumapili ya tatu aja Mezani mwa Bwana, uso wake mtulivu. Nani ajuaye? Mchungaji hajui. Mzee wa kanisa pengine hajui, au ajua akanyamaza kwa kuwa ni shemeji yake. Ajuaye hakika ni jirani ambaye migomba yake imenyauka. Shahidi wa unyofu wa ibada ya mtu ni yule akaaye chini yake katika mfongo. Neno hili Gutmann angelikubali, na ndiyo maana hakutaka kuwapima Wakristo kwa hesabu ya waliobatizwa wala kwa ufasaha wa sala zao.

Kadhalika na isale. Jani lile la kijani, ambalo hupandwa mipakani na makaburini, huchukuliwa na mwenye kosa kwenda kuomba msamaha, na aliyeletewa isale ni vigumu kulikataa mbele ya watu. Mathayo mlango wa 5 waagiza kwamba mtu akumbukaye kuwa nduguye ana neno juu yake aiache sadaka yake pale madhabahuni, aende kwanza akapatane naye. Nimesikia wahubiri wakisema kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Si mamoja, ijapokuwa ni jamaa. Isale huombea amani ya watu wote, ili ugomvi usienee na ukoo usigawanyike. Aweza kulipokea aliyeudhiwa hali moyo wake haujatulia, maana wazee wamekwisha sema. Injili yadai zaidi: yadai mwenye kosa akumbuke mwenyewe, kabla hajaitwa, na akumbuke akiwa amekwisha shika sadaka mkononi. Hata hivyo mhubiri mlimani aliyekuwa na isale mbele yake na hakulitumia kuieleza Injili, huyo alipoteza chombo chema. Gutmann hakuwa mtu wa kupoteza vyombo vya namna hiyo.

Hata hapa namsifu, na sifa hizi sizitoi nusu nusu. Nageukia sasa neno ambalo kwalo nimeshika kalamu.

Kitabu hiki kilichapishwa baada ya miaka mitano ambayo mwandishi wake alikuwa mbali na mlima, maana wamisionari wa Leipzig walilazimika kuondoka mwaka 1920. Mtu aliye mbali na kwao huukumbuka moshi wa jiko la mamaye kwa harufu yake, asikumbuke jinsi ulivyomwasha macho. Naona katika kurasa hizi ukoo uliooshwa na kiu ya kurudi. Ni ukoo ambao wazee wake wana busara siku zote, ambao kila kiungo kina mahali pake na kila mahali pana haki yake. Katika vitabu vyake vya sheria na mafundisho pia, ingawa ni hazina ambayo hatuna nyingine mfano wake, sauti inayosikika zaidi ni ya wazee wa baraza. Wenye haki ya kusema ndio waliosema, naye akaandika.

Msomaji na afikiri juu ya Desemba. Kila mwaka Wachaga hupanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na mbali zaidi. Siku ya Krismasi kanisa hujaa hata watu husimama nje madirishani. Nyimbo huimbwa kwa sauti nne, sadaka huwa nyingi. Kisha mbuzi huchinjwa, mbege hutolewa, na kwa kuwa wote wamekusanyika ndio wakati wa kikao cha ukoo. Hapo ndipo hukatwa mambo ya kihamba. Mimi nimeketi katika vikao hivyo mara nyingi, na kwa jumla ni vya heshima. Nimeona wagonjwa wakichangiwa na watoto wa marehemu wakilipiwa ada ya shule. Lakini vile vile ni hapo ambapo mjane asiye na mwana wa kiume huambiwa, kwa maneno ya upole, kwamba kihamba ni cha ukoo. Waliomwambia wamekula Chakula cha Bwana pamoja naye siku chache tu zilizopita. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyetukana. Sala ya kufunga kikao husemwa na mzee wa kanisa.

Mwenye kutetea mila atanijibu kwamba mila yenyewe ilimlinda mjane. Ni kweli, wala si haki kuificha kweli hiyo. Mwana wa kwanza alipewa mahali pake, na kitinda mimba alibaki katika kihamba cha wazazi ili mama asiachwe peke yake. Na nduguye marehemu aliwajibika kumtunza shemeji yake. Lakini tazameni ulinzi huu wapitia wapi: wapitia kwa mwana wa kiume, au kwa kurithiwa. Aliye na mabinti peke yake, au asiyetaka kurithiwa kwa kuwa ni Mkristo na shemeji ana mke wake, huyo ulinzi wamponyoka. Yaani mila humlinda vizuri mjane aliye tayari na mtu wa kumlinda. Yakobo, aandikapo mwishoni mwa mlango wa kwanza juu ya dini iliyo safi, hakutaja wajane wenye wana.

Mambo haya serikali imeyagusa kabla yetu. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwaweka mabinti katika daraja la mwisho la urithi, nyuma ya ndugu zao wote wa kiume. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri lililotoka kwa Wahaya, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo aweza kuiuza kama mwanamume awezavyo, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi jaji na bunge wametangulia mahali ambapo mhubiri alipaswa kuwa amefika zamani, tena bila ya kuhubiri. Wala hayo hayajamaliza neno, maana kesi mjane hushinda mjini, naye arudipo mlimani awakuta mashemeji wale wale wamekaa ng'ambo ya masale ya mpaka.

Je, Gutmann hakuliona jambo hili? Naamini aliliona, kwa kuwa hakuna lililompita alipokaa na watu. Kosa lake ni katika fikira, si katika macho. Alipokwisha kusema kwamba ukoo ni kazi ya Muumba, akawa hana mahali pa kusimama ili auhukumu ukoo. Kitu kikiwa ndicho kipimo, chenyewe chapimwa kwa nini? Agano Jipya halisemi juu ya damu kwa sauti moja na Gutmann. Katika Marko mlango wa 3 jamaa zake Yesu walisimama nje wakamwita, naye akawatazama walioketi kumzunguka, akawaita hao kuwa mama na ndugu, kwa kuwa hufanya mapenzi ya Mungu. Na katika Yohana mlango wa 19 lipo neno ambalo kila kikao cha ukoo chapaswa kulisikia: Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mamaye kwa mwanafunzi. Jamaa walikuwapo, Injili zawataja ndugu zake. Hakuwakabidhi wao. Kwa desturi za watu wake, na hata kwa desturi zetu, huu ni mkato mkubwa katika haki ya ukoo, naye aliukata kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa anaachwa peke yake.

Wala hatari ya kuifanya damu kuwa kipimo si jambo la vihamba tu. Katika nchi ya Gutmann mwenyewe, toka mwaka 1933, serikali iliifanya damu na taifa kuwa mungu, na Walutheri wengi walisema kwamba taifa ni agizo la Muumba, basi kanisa na liote ndani yake. Ndipo mwaka 1934 wengine wakakutana Barmen wakakiri kwamba kanisa halina neno lingine la kulitii nje ya Yesu Kristo. Simhesabu Gutmann pamoja na wale walioabudu damu. Wakati huo alikuwa Kidia akiwaandika Wachaga na mafundisho yao kwa heshima ambayo watawala wale hawakuwa nayo kwa mtu mweusi yeyote. Nasema tu kwamba fikira moja yaweza kumfikisha mtu mwema uwanjani penye majani, na kuwafikisha wengine mahali pa kutisha. Hata jirani zetu wa Rwanda, nchi yenye makanisa mengi, mwaka 1994 waliuawa na watu waliokuwa wakisali nao, wengine wakauawa ndani ya makanisa waliyokimbilia. Hapo hata ujirani haukutosha.

Naitaja Rwanda pia kwa sababu nyingine. Ni huko Gahini, katika miaka ya 1930, ndiko ulikotoka ule Uamsho uliopita Uganda na Bukoba hata ukapanda na mlima wetu. Uamsho ulilijibu swali la Gutmann kwa njia iliyo kinyume chake. Mtu aliyeokoka alitubu hadharani, akarudisha alivyoiba, akalipa madeni, akakiri mbele ya mkewe. Akapata ndugu wapya ambao hawakuwa wa damu yake. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, aliyachunguza mafungamano ya Wahaya na kuuliza ni nini kanisa limepokea toka ukoo na ni nini limekuja nacho jipya. Msomaji wa Gutmann asimwache Kibira, maana huyu asema kutoka ndani kile ambacho yule alikitazama kutoka nje, ijapokuwa kwa upendo.

Lakini nao waliookoka wana deni lao katika hesabu hii. Wako waliojitenga kabisa na vikao vya ukoo, kwa ajili ya mbege na kwa hofu ya tambiko. Nafahamu sababu yao. Ila kikao huketi wakiwapo wasiwepo, na mjane aliyekuwa na shemeji mmoja mwenye dhamiri, siku hiyo shemeji huyo yuko kwenye mkutano wa maombi. Amejiepusha na chungu cha mbege, na mtu hana msemaji. Gutmann angelisema, na hapa ningelisimama upande wake, kwamba huwezi kuutakasa ukoo ukiwa umeukimbia.

Nina neno pia juu ya lugha, maana gazeti hili ni la lugha. Gutmann alishindana na Kiswahili kwa nguvu zake zote. Alikiona kama lugha ya kupita, isiyo na mizizi mlimani, nayo Injili alitaka isemwe katika lugha ambayo mama humwimbia mtoto. Walimu wa zamani zake wengi hawakukubaliana naye, kwa sababu iliyo wazi: Mmachame na Mrombo wakikutana, kila mmoja akanena lugha ya mamaye, hawafiki mbali. Kichaga kimoja hakipo. Wakulima walipoanzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, walihitaji kusemezana mlima mzima na kwa watu wa mbali. Hakika yake ni kwamba Kiswahili kilitupa kitu. Lakini si kitu ambacho Gutmann alikiogopa. Kilitupa neno *usharika*.

Walutheri wa kaskazini hawasemi parokia. Husema usharika, na mtu wake ni msharika. Neno hili ni la jamaa ya shirika na kushiriki: watu walio na fungu katika kitu kimoja. Halisemi wameungana kwa damu, wala halisemi wamekutana saa moja wakaachana. Msharika ni mwenye fungu, na mwenye fungu aweza kuuliza fungu lake. Gutmann alitafuta maisha yake yote neno la Kichaga litakalobeba maana ya kiungo cha mwili wa Kristo bila kukikata na maisha ya kila siku, na lugha ile aliyoikataa ilikuwa inalo tayari. Inanichekesha kidogo, nami nafikiri hata yeye angelitabasamu. Inanihuzunisha zaidi kwamba twalitumia kuandika juu ya mihuri na barua, tusisikie linavyotudai.

Ikiwa nitaulizwa ni lipi katika mafungamano matatu ya Gutmann lifaalo zaidi kwa kanisa la leo, nitajibu ujirani, pamoja na yote niliyoyasema juu ya Rwanda. Ukoo humwingiza mtu kwa kuzaliwa na humtoa mjane kwa kufiwa; ujirani humpokea yeyote aliyehamia. Msamaria hakuwa wa ukoo wa yule aliyeanguka mikononi mwa wanyang'anyi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoazimia mwaka 1976 kulijenga kanisa katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, walifika mahali ambapo Gutmann alikuwa amefika nusu karne kabla yao, nasi Walutheri twazo jumuiya zetu katika mitaa. Lakini jumuiya nyingi zimekuwa ibada nyingine tu: somo, wimbo, sadaka, tangazo, kisha kila mtu kwake. Uwanja wa majani umeingizwa tena kanisani. Jumuiya ambayo haijapata kuuliza habari za mfongo, wala habari za kikao cha ukoo kitakachoketi Desemba, hiyo bado haijafanya kazi aliyoifikiria mtu wa Kidia.

Kwa Wachaga walioko mijini mambo ni magumu zaidi, na hapa kitabu cha Gutmann hakina msaada mwingi, maana aliuona mji kuwa maangamizi, akaishia hapo. Kijana wa Machame apangaye chumba Dar es Salaam hana ukoo karibu, na jirani yake ni Mmakonde au Mpemba, pengine Mwislamu mwenye kumshinda kwa kuamka alfajiri kusali. Mafungamano mawili yamekwisha. La tatu limebaki: rika.

Ndiyo sababu, katika yote aliyoyajaribu, ningependa walimu wa kipaimara warudie lile la kuwaunganisha vijana. Siku hizi twawafundisha Katekisimu Ndogo ya Luther, twawavika nguo nyeupe, twawapiga picha, na baada ya miaka michache wametawanyika hata hatujui nani yuko wapi. Wakiunganishwa wawili wawili mbele ya usharika, na kila mmoja akapewa swali moja la kumwuliza mwenziwe kila mwezi, kwa simu kama yuko mbali, juu ya mkopo wake, juu ya mchumba wake, juu ya fedha za mwajiri wake, basi kungekuwako mtu mmoja ajuaye yale mchungaji asiyoyajua. Ningeongeza sharti moja: wasiunganishwe watoto wa ukoo mmoja, na mtoto wa mjane, au wa kibarua asiye na kihamba, aandikwe wa kwanza katika orodha, kabla mwalimu hajaanza kuwagawanya wengine.